Ufundi wa Kulaza Vifaa

Mtu anapofunga kifuniko cha kompyuta yake ya mkononi na kuitia mkobani, ndani yake huanza kazi ambayo mimi naihesabu miongoni mwa kazi za ustadi mkubwa kabisa zilizowahi kuandikwa kwa programu. Mfumo endeshi huzigandisha programu zote mahali zilipo, kisha huanza kuvilaza vifaa: kamera, spika, kadi ya mtandao, diski, skrini, na vingine vingi ambavyo mwenye kompyuta hajui hata kama anavyo. Kila kimoja kina namna yake ya kulala. Kipo ambacho lazima hali yake ihifadhiwe kwanza, maana umeme ukikatika kitasahau kila kitu. Kipo kisichoweza kuzimwa kabla ya jirani yake. Kipo kinachotakiwa kibaki kikisikiliza, la sivyo hapatakuwa na wa kuiamsha mashine. Yote haya humalizika kabla zipu ya mkoba haijafungwa. Kesho yake kifuniko kikiinuliwa, barua iliyokuwa ikiandikwa ipo palepale, kishale kinapepesa mwishoni mwa neno lilelile.

Msimbo ninaouzungumzia ni wa kerneli, yaani kiini, ya mfumo endeshi wa Linux. Uko wazi, yeyote anaweza kuufungua na kuusoma mstari kwa mstari, pamoja na maelezo ambayo waandishi wake wameyaacha juu ya kila badiliko. Tena kerneli hiyohiyo ndiyo iliyomo ndani ya simu za Android zilizojaa mikononi mwetu kuanzia Kariakoo hadi Kisangani, ndani ya kompyuta za maofisini, ndani ya ruta za intaneti na ndani ya seva zisizozimwa mwaka mzima. Mashine hizi zimeundwa na watu ambao hawakuwahi kukaa meza moja. Chipu ya simu na chipu ya kompyuta hazikubaliani hata juu ya nini hasa maana ya kuzimwa. Ustadi uko hapo: kuandika kanuni moja zitakayoifuata zote, bila kuilazimisha yoyote iwe kitu isichokuwa.

Zamani kazi hii haikuwa ya mfumo endeshi. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa mpango ulioitwa APM, na chini ya mpango huo mwenye sauti kubwa juu ya usingizi wa kompyuta alikuwa BIOS, ile programu ndogo iliyotiwa kiwandani kwenye ubao mkuu. BIOS iliona kibodi haijaguswa kwa dakika kadhaa ikaamua kwamba kazi imekwisha. Haikujua kwamba mtu anatazama filamu, wala kwamba faili kubwa linanakiliwa kutoka diski moja kwenda nyingine. Aliyeshika swichi hakujua haja, na aliyejua haja hakushika swichi.

Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walitoa kanuni za ACPI, zikaugeuza mpangilio huo juu chini. Kuanzia hapo kompyuta hubeba ndani yake majedwali yanayoieleza, na ndani ya majedwali hayo mna programu fupifupi zilizoandikwa kwa lugha isiyo ya prosesa yoyote. Mfumo endeshi huzisoma na kuzitekeleza wenyewe. Kampuni iliyounda ubao ndiyo inayojua waya upi unakwenda wapi, kwa hiyo inaandika maelekezo: ukitaka kuzima kifaa hiki, andika namba hii kwenye anwani hii, subiri kidogo, kisha fanya hivi. Mfumo endeshi haujui lolote kuhusu waya, ila sasa ndio unaoamua lini. Vifaa vikapewa ngazi za usingizi zinazojulikana na wote, kutoka D0, kifaa kiko macho, hadi D3, kifaa kimelala fofofo. Hiyo D3 yenyewe baadaye ikagawanywa mara mbili: ile ambayo kifaa bado kinapata umeme wa kutosha kusikia kikiitwa, na ile ambayo umeme umekatwa kabisa.

Kwenye simu mambo yalikwenda njia nyingine. Chipu za ARM zilizotawala simu hazikuwa na majedwali ya namna hiyo. Kwa miaka mingi kila ubao mpya ulielezwa kwa faili la msimbo ndani ya kerneli yenyewe, na kila kampuni iliyotoa chipu ilileta rundo lake la mafaili. Mwaka 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilalamika hadharani juu ya mrundikano huo, na watu wa ARM wakahamia kwenye mti wa vifaa, wazo lililotoka kwenye Open Firmware ya mashine za Sun na za Apple zilizotumia PowerPC. Mti huo ni maelezo matupu, hauna programu hata moja ndani yake. Husema tu kwamba hapa pana kifaa fulani, kinapata volti kutoka kwa kidhibiti kile, mapigo ya saa kutoka kwa chanzo kile, na ishara zake zinapita njia ile. Namna ya kuzima na kuwasha lazima kerneli iijue yenyewe.

Basi pana dunia mbili: katika moja mashine huja na maelekezo yake, katika nyingine huja na ramani tu. Mwandishi wa draiva, yaani programu inayoendesha kifaa kimoja mahususi, angeweza kuandika draiva mbili na kuishi kwa amani. Lakini tazama saketi ya I2C ambayo Synopsys huwauzia watengenezaji wa chipu mchoro wake. I2C ni njia ya mawasiliano ya waya mbili tu, nayo hutumika kwa skrini za kugusa, vihisi na vipimo vya betri. Saketi hiyohiyo imo ndani ya prosesa za Intel na ndani ya chipu nyingi za ARM. Katika Linux kiini cha draiva yake ni kimoja. Ikikutwa kwenye kompyuta, ACPI ndiyo inayoitambulisha. Ikikutwa kwenye simu, mti wa vifaa unaitambulisha. Na baada ya utambulisho huo, msimbo unaopeleka na kupokea data haujali uko wapi.

Ukaja mtihani. Katika chipu za Intel za kizazi cha Bay Trail, zilizotumika kwenye tableti za bei nafuu, kuna kidhibiti kidogo cha ndani kinachosimamia umeme wa chipu nzima, na kwenye baadhi ya mashine kidhibiti hicho hutumia waya zilezile mbili kuzungumza na chipu ya umeme iliyo nje. Draiva ikianza kusema wakati kidhibiti nacho kinasema, zinazogongana ni amri za volti za mashine yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kutia neno lolote kwenye waya hizo, draiva lazima iombe ruhusa na kusubiri ipewe. Ninachokipenda hapa ni mahali msimbo wa ruhusa hiyo ulipowekwa: kwenye faili lake dogo la pembeni. Draiva kuu inaita tu, na kwenye mashine zisizo na ugomvi huo hakuna kinachoitwa. Hans de Goede, mwandishi wa kerneli kutoka Uholanzi, ametumia muda mwingi kwenye tableti za aina hii, ambazo wengine wangezitazama na kusema hazistahili taabu hiyo. Anayezimiliki mara nyingi ni mtu asiye na uwezo wa kununua nyingine.

Wazo linaloshikilia jengo hili lote liliingia kwenye Linux 2.6.32, toleo la Desemba 2009, na mwandishi wake mkuu ni Rafael Wysocki wa Poland, ambaye hadi leo ndiye msimamizi wa sehemu ya umeme ya kerneli. Kabla yake, kulaza vifaa kulikuwa hasa kwa mashine nzima: ama wote macho, ama wote usingizini. Wysocki, akishauriana kwa karibu na Alan Stern aliyekuwa ameshafanya kazi hiyo upande wa USB, aliweka utaratibu wa kila kifaa kulala peke yake mashine ikiwa inaendelea na kazi. Kamera isiyotumika ilale sasa hivi, hata kama muziki unapigwa na barua inaandikwa.

Ukiutazama utaratibu wenyewe utashangaa ulivyo mwembamba. Kila kifaa kina hesabu. Draiva inapokihitaji, hesabu inapanda moja. Inapomaliza, inashuka moja. Ni kama mlinzi wa ukumbi mwenye daftari la wanaoingia na wanaotoka: hana haja ya kujua kila mtu amekuja kufanya nini, anajua tu kwamba taa hazizimwi mpaka wa mwisho atoke. Hesabu ikifika sifuri kifaa kinaweza kulala. Na kifaa kikiwa macho, mzazi wake, yaani kile ambacho kifaa hicho kimeunganishwa kupitia kwake, kwa kawaida haruhusiwi kulala. Hivyo usingizi unatoka matawini kuelekea shinani, na kuamka kunatoka shinani kwenda matawini, bila mtu yeyote kuandika orodha ya nani baada ya nani.

Draiva inasema tu: ninakihitaji, nimemaliza. Hairuhusiwi kujifanya inajua swichi iko wapi. Kulaza kwenyewe kunapitia ngazi nyingine, na kerneli ina mpangilio wa nani aulizwe kwanza. Ikiwa kifaa kimo katika eneo la umeme, yaani sehemu ya chipu inayozimwa kwa pamoja, mwenye eneo ndiye mwenye neno la kwanza. Kama hakuna eneo, huulizwa aina ya kifaa, kisha kundi lake, kisha njia kilichounganishwa nayo. Na wote hao wakiwa hawana la kusema, draiva hujisimamia yenyewe. Kwenye kompyuta, njia ya PCI pamoja na ACPI hushika swichi. Kwenye chipu ya simu, eneo la umeme huishika. Draiva ni ileile. Anayejua haja anasema haja, anayejua waya anashika waya, na hakuna anayelazimika kusema uongo juu ya asichokijua. Kwa maoni yangu huu ndio ugawaji wa kazi ulio safi kuliko wote ndani ya kerneli, nao ndio umeiwezesha kuvuka kutoka mashine hadi mashine kwa miaka yote hii.

Maeneo ya umeme yaliandikwa kwa namna ya kutumika na wote mwaka 2011, yakianzia kwenye chipu za SH-Mobile za Renesas, ambazo Magnus Damm alikuwa akizishughulikia. Kwenye chipu ya aina hiyo sehemu kadhaa hushiriki swichi moja, na kuizima kunawagusa wote waliomo. Mwenye eneo basi hana budi kuuliza maswali mawili kabla ya kuzima: je, wote wamelala? Na je, kuamka kwao kutachukua muda ambao anayewasubiri anaweza kuvumilia? Swali hilo la pili ndilo linalowashinda wengi. Kuzima si bure. Kuhifadhi hali ya kifaa, kukata umeme, kuurudisha na kusubiri volti itulie, vyote hivyo vinakula nguvu na muda, na kifaa kikilazwa kwa kipindi kifupi mno betri hupoteza badala ya kuokoa. Ndiyo maana USB kwa kawaida husubiri sekunde 2 baada ya kazi ya mwisho kabla ya kukilaza kifaa kilichoruhusiwa kulala. Ndiyo maana pia prosesa yenyewe, ambayo ina ngazi kadhaa za usingizi, huchaguliwa ngazi kwa kukisia itapata mapumziko ya muda gani. Kukisia huko kumeandikwa na kuandikwa upya. Wysocki mwenyewe alileta njia nyingine mwaka 2019, na bado watu wanapima.

Kulaza mashine nzima ni jambo jingine, lenye hatari zake. Katika Linux kila kifaa hupitishwa kwenye hatua nne kabla mashine haijalala: kuandaliwa, kulazwa, kulazwa kwa kuchelewa, na hatua ya mwisho ambayo vishughulikiaji vya ishara za vifaa vimekwisha kufungwa. Kwa nini nne? Nilipoanza kusoma niliziona nyingi, mpaka nilipoelewa habari ya ishara. Vifaa viwili vinaweza kushiriki waya mmoja wa kuiita prosesa. Kimoja kimelala tayari, cha pili bado kiko macho, nacho kinaita. Prosesa haijui ni nani aliyeita, kwa hiyo inaziuliza draiva zote mbili, na ile draiva ya kwanza inakwenda kusoma kifaa chake kisicho na umeme. Kwenye kompyuta, kifaa cha PCI kisichoitika hurudisha namba iliyojaa moja tupu, na draiva isiyo makini huisoma kama habari kwamba kila tukio limetokea kwa wakati mmoja. Kwenye chipu nyingi za ARM, kugusa kifaa ambacho mapigo yake ya saa yamezimwa kunaweza kuisimamisha mashine nzima papo hapo, pasipo ujumbe wowote wa kosa. Kosa ni moja, na kila jukwaa lina adhabu yake. Hatua ya nne ipo ili vile ambavyo ni lazima vizimwe mwisho vizimwe wakati hakuna tena wa kuita.

Uhusiano wa mzazi na mtoto nao hautoshi. Kamera ya simu hupokea amri kwa njia ya I2C, lakini picha zake hupita kwingine, mapigo yake ya saa yanatoka kwa chanzo cha tatu na volti kwa cha nne. Katika mti ina mzazi mmoja tu. Hadi Linux 4.10, mwanzoni mwa 2017, mahitaji haya ya pembeni yalitegemea sana bahati ya mpangilio, nani alitambuliwa kabla ya nani wakati wa kuwaka. Toleo hilo lilileta viungo vinavyotamka wazi kwamba kifaa hiki kinakitegemea kile ingawa si mzazi wake, na kuanzia hapo kulaza na kuamsha kukaviheshimu viungo hivyo. Viungo hivyo vina kazi nyingine pia: tangu 2010 Linux huweza kulaza vifaa vingi kwa wakati mmoja badala ya kupanga foleni, na wanaofanya kazi sambamba wanahitaji kujua kwa hakika nani amsubiri nani.

Sasa fikiria hali ya fundi ambaye mashine yake inalala vizuri lakini haiamki. Skrini ni nyeusi kwa sababu skrini ni mojawapo ya vifaa ambavyo bado havijaamshwa. Diski haipatikani, mtandao haupo. Kuna kifaa kimoja kati ya mamia kilichokwamisha safari, na fundi hana pa kuandika jina lake. Ukiizima mashine kwa nguvu na kuiwasha upya, kumbukumbu yote imefutika.

Mwaka 2006 Linus Torvalds aliandika jibu ambalo bado limo ndani ya kerneli, nalo ni kipande cha ufundi ambacho sijachoka kukitazama. Alitafuta kitu chochote ndani ya kompyuta kinachohifadhi alichoandikiwa hata baada ya kuzimwa na kuwashwa, akakuta kwamba hata ile kumbukumbu ndogo iliyotengenezwa kwa kusudi hilo hufutwa na BIOS wakati wa kuwaka. Kilichobaki ni saa, ile saa ya ubao mkuu inayoendeshwa na betri yake ndogo ya duara. Basi akaamua kuandika habari zake ndani ya saa hiyo. Sekunde hazifai, kwa sababu saa inaendelea kutembea. Dakika zinafaa kwa kuruka tatu tatu, kwa hiyo zinatoa nafasi 20, na fundi anapata kama dakika 3 za kuiwasha mashine upya kabla habari haijaharibika. Saa zinatoa nafasi 24. Siku zinatoa 28 tu, ili Februari isije ikaleta matatizo. Miezi ni 12, miaka ni 100. Ukizizidisha zote unapata nafasi 16,128,000.

Ndani ya nafasi hizo akapanga vitu vitatu. Jina la kifaa hugeuzwa kwa hesabu kuwa namba isiyofika 1009. Jina la faili la msimbo pamoja na namba ya mstari hugeuzwa kuwa namba isiyofika 997. Na mtumiaji anaachiwa thamani 16 za kwake. Hizo 997 na 1009 ni namba tasa mbili, moja kila upande wa elfu, na ukizizidisha pamoja na 16 unapata 16,095,568: saa imejazwa karibu mpaka ukingoni. Hila hii ikiwashwa, kila hatua ya kuamka, kabla ya kukigusa kifaa, kerneli huandika tarehe mpya ya ajabu ndani ya saa. Mashine ikikwama, fundi huizima, huiwasha, na kerneli mwanzoni mwa kuwaka kwake husoma tarehe, huigeuza tena kuwa namba, kisha hutangaza ni mstari upi wa faili lipi na ni vifaa gani vinavyolingana nayo. Vifaa viwili vinaweza kuangukia namba moja, kwa hiyo ni dalili tu, hukumu bado. Lakini kutoka gizani kabisa hadi kubakiwa na kifaa kimoja au viwili vya kushukiwa, kwa gharama ya kurekebisha tarehe baadaye! Zana za leo ni nzuri zaidi. Todd Brandt, akiwa Intel, aliandika programu inayochora usingizi mzima kama mchoro wa muda, kila kifaa na mstari wake, ukaona kwa macho nani aliwachelewesha wenzake. Bado ile hila ya saa inabaki kuwa chombo cha mwisho pale ambapo hakuna kingine kinachopumua.

Simu zilileta ugomvi mkubwa kuliko wote. Simu inayosubiri iko mfukoni, skrini imezimwa, prosesa kuu imelala, na modemu yenye prosesa yake yenyewe ndiyo inayousikiliza mnara. Ujumbe wa M-Pesa ukiingia, modemu humwamsha mkubwa. Lakini je, ujumbe ukifika katika ile sehemu ndogo ya sekunde ambayo prosesa kuu imeshaamua kulala ila haijalala? Wito unapokewa, unawekwa kando, na mashine inaendelea na safari yake ya usingizini. Mwenye simu atauona ujumbe atakapobonyeza kitufe mwenyewe.

Google walikuwa na dawa yao ndani ya Android, vizuizi ambavyo programu huvishika ili mashine isilale, kazi ya Arve Hjønnevåg. Mwaka 2009 walipovileta ili viingie kwenye kerneli kuu, vilikataliwa, na 2010 vilipoletwa tena kwa jina jingine vikakataliwa tena baada ya mjadala mrefu na mkali. Wengi waliona vinaipa programu ya kawaida mamlaka yasiyostahili juu ya mashine nzima. Nimeisoma hoja ya kila upande na naona wote walikuwa na lao la kweli: Google walikuwa na simu zinazofanya kazi madukani, na wapinzani wao walikuwa na kerneli ya kuitunza kwa miaka mingi ijayo.

Jibu la Wysocki liliingia kwenye Linux 2.6.36 mwaka huohuo wa 2010. Kerneli huweka hesabu ya matukio ya kuamsha. Programu inayotaka kuilaza mashine husoma kwanza hesabu hiyo. Kama kuna tukio ambalo bado linashughulikiwa, kusoma kwenyewe kunasubiri mpaka liishe. Ikishapata namba, programu inauliza kila upande kama kuna sababu ya kubaki macho, kisha inaiandika namba ileile kurudi kwenye kerneli. Kama hesabu imebadilika katikati, kerneli inakataa, na programu lazima ianze upya. Kama haijabadilika, inakubali, na kuanzia hapo tukio lolote jipya linaivunja safari ya usingizi popote ilipofika. Hakuna anayemzuia mwenzake kwa nguvu. Pande mbili zinahakikishiana tu kwamba zinaitazama hali moja. Toleo la 3.5, mwaka 2012, likaongeza juu yake utaratibu uliofanana vya kutosha na ule wa Android ili Google waweze kuuhamia. Mgogoro wa miaka mitatu ulimalizwa kwa namba moja inayosomwa na kurudishwa.

Imebaki habari ya safari inayovunjika, ambayo ni nadra watu kuisifia. Kifaa cha 140 kikikataa kulala, vile 139 vilivyokwisha kulala lazima viamshwe kwa mpangilio uliogeuzwa, na kila kimoja kwa kiasi kilekile ambacho kilikuwa kimelazwa. Njia hii hupitiwa mara chache, kwa hiyo ndiko makosa hukaa muda mrefu. Kosa moja maarufu lilitokana na ile hesabu ya kupanda na kushuka. Amri iliyokuwa ikitumiwa kukihitaji kifaa na kukiamsha papo hapo ilipandisha hesabu hata pale kuamka kuliposhindikana. Kwa mantiki yake ilikuwa sahihi, na nyaraka zilisema hivyo. Lakini mwandishi wa draiva, akiona jibu ni kushindwa, kwa kawaida alitoka bila kushusha alichodhani hakikupanda. Hesabu ikabaki moja juu, na kifaa hicho hakikulala tena mpaka mashine ilipozimwa. Hakuna kilichoharibika machoni pa mtu yeyote isipokuwa betri iliyoisha mapema, na kwa anayelipia kila chaji kwa mwenye duka, hilo ni deni la kila siku.

Wangeweza kuibadilisha amri yenyewe. Lakini zilikuwapo draiva nyingi zilizoielewa vizuri na kushusha hesabu kama inavyotakiwa, na hizo zote zingeharibika. Kwa hiyo mwaka 2020 iliongezwa amri mpya pembeni, ambayo ikishindwa huirudisha hesabu yenyewe kabla ya kutoa jibu, na ile ya zamani ikaachwa ilivyo. Tangu hapo draiva zinahamishwa moja moja, kila moja ikisomwa kwanza ili ijulikane iko upande gani wa kosa hilo. Badiliko lenyewe mara nyingi ni la mistari miwili: jina la amri, na ule mstari wa kushusha hesabu, ambao sasa unafutwa.